Shamba la Yoabu na Duka la Jirani

Somo la vikundi vya mitaa. Someni kwanza nyumbani: 2 Samweli 14:28-33, Mwanzo 26:12-31, Matendo ya Mitume 19:23-41.



Habari ya shamba la Yoabu ni fupi, aya sita tu, na mara nyingi twaipita bila kuisimamia. Absalomu amerudishwa Yerusalemu baada ya kumwua nduguye, lakini kwa miaka miwili haruhusiwi kuuona uso wa mfalme baba yake. Amwita Yoabu aende akamwombee. Yoabu haji. Amwita mara ya pili, haji tena. Ndipo awaonyesha watumishi wake shamba la Yoabu lenye shayiri, lililopakana na lake, awaambia wakalitie moto. Wakalitia. Siku hiyo Yoabu hakuhitaji kuitwa mara ya tatu.

Tukisoma kwa haraka tutasema: basi, moto ulimfaa. Na kweli Maandiko hayafichi. Yoabu alikuja, akaenda kwa mfalme, na Absalomu akapokewa. Hakuna mtu aliyekufa shambani, na shayiri hupandwa tena. Lakini endeleeni kusoma hata sura ya 18, mkaone ni mkono wa nani uliomchoma Absalomu mara tatu alipokuwa amening'inia mtini. Ni wa Yoabu yule yule. Biblia haisemi kwamba alikuwa akilipiza shayiri yake. Kati yao palikuwa na vita na mambo mengine mengi. Kwa somo letu yatosha kuona kwamba kijana aliyekwisha kujua kuwa moto huleta majibu hakukomea kwenye shayiri. Baada ya miaka michache alitaka ufalme wote.

Angalieni tena kwamba shamba lile lilipakana na lake. Mtu hachomi shamba la mtu wa mbali. Mwenye duka la Bariadi hamwonei kijicho mfanyabiashara wa Kariakoo aliye tajiri mara elfu. Amwonea yule aliye ng'ambo ya barabara, ambaye hufungua mlango saa ile ile anayofungua yeye, na ambaye pengine walikopeshana chumvi wakati wake zao walipojifungua.

Tumechagua somo hili kwa sababu wengi katika parishi zetu siku hizi wanaishi kwa biashara ndogo. Tangu mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na Bariadi kuwa makao yake makuu, mji umekua, na pamoja nao vibanda, magenge ya mboga, mama lishe, mashine za kusaga, mafundi cherehani na vijiwe vya bodaboda. Jambo jema. Lakini fedha ya kwetu yafuata pamba. Soko la pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei. Miezi ya kiangazi inayofuata mkulima ana noti mkononi, harusi ni nyingi, bati zanunuliwa, na kila duka lina watu. Ifikapo Januari na Februari mkulima yuko kwenye palizi na mfuko ni mtupu. Duka lililojaa watu mwezi wa Agosti laonekana kama limelaaniwa. Mwenye duka akaa juu ya gunia la sukari, atazama ng'ambo, aona mwenzake ana wateja watatu. Hakumbuki kwamba Februari ya mwaka jana ilikuwa vivyo hivyo. Hafungui daftari la madeni aone ni fedha ngapi zimelala kwa watu. Hapo ndipo neno "chuma ulete" huingia mlangoni.

Hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa Bariadi maana ya chuma ulete. Ni kusadiki kwamba jirani ana dawa inayovuta fedha kutoka sandukuni mwako hadi mwake. Ubaya wa imani hii, mbali na kuwa ni kinyume cha Amri ya Kwanza, ni kwamba haina ushahidi unaoweza kuikanusha. Jirani akifanikiwa, ndiyo dawa. Akisalimia kwa furaha, anaficha. Akinyamaza, anajua alilolifanya. Sisi wa Usukuma twajua fikira za namna hii zimetufikisha wapi: mabibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa mavi ya ng'ombe waliyopikia miaka yote. Mtu akikwisha kumwita jirani yake mchawi, jambo lolote atakalomtendea huliita kujikinga.

Tuseme wako akina mama wawili wanaouza chakula stendi. Wa kwanza amekaa hapo miaka saba. Wa pili amekuja mwaka huu, apika wali kwa bei ndogo zaidi. Wa kwanza amwambia mteja kwamba maji ya yule ni ya lambo. Maneno yafika. Wa pili amwaga maji ya vyombo upande wa mwenzake, kwa bahati mbaya, asema. Salamu zakatika. Watoto wao wakatazwa kucheza pamoja. Mmoja aenda kwa mganga. Mwingine asikia, naye aenda kwa mganga mkubwa zaidi. Benchi laonekana limevunjwa mguu asubuhi. Baadaye turubai limekatwa kwa kisu. Na ng'ambo ya stendi petroli yauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa ajili ya pikipiki. Katika mwendo huu wote hamtapata mahali ambapo mmoja wao alisema, "Leo naanza ugomvi." Kila mmoja alikuwa akijibu. Someni Waamuzi 15: Samsoni achoma mavuno ya Wafilisti kwa mbweha mia tatu, Wafilisti wamchoma mkewe pamoja na baba yake, na pande zote mbili zikiulizwa zatoa jibu moja, kwamba tumewatenda kama walivyotutenda.

Sasa nataka tutazame jambo lililotokea kweli. Sitachukua la hapa kwetu, kwa maana la jirani lina wenyewe, na msomaji angeacha somo aanze kutafuta ni nani. Nitachukua la mbali, la mji wa Glasgow katika Uskochi, miaka ya 1980.

Glasgow ni mji wa baridi, na mtastaajabu kusikia kwamba watu waligombana huko kwa ajili ya aiskrimu. Lakini magari yale hayakuuza aiskrimu peke yake. Pembezoni mwa mji serikali ilikuwa imejenga nyumba nyingi za ghorofa kwa watu wa kipato kidogo, na maduka yalikuwa machache. Gari la aiskrimu likapita jioni na usiku likipiga muziki wake, likiuza sigara, maziwa, soda, biskuti. Lilikuwa duka lenye magurudumu. Ilisemekana mengine yaliuza pia mali ya wizi na dawa za kulevya. Kila gari lilikuwa na njia yake, na njia nzuri ilikuwa mali, sawasawa na kona nzuri ya stendi. Basi wakaanza kuingiliana njia. Gari moja likalifuata jingine na kupunguza bei. Vioo vikavunjwa. Madereva wakatishwa na watu wenye marungu. Watu wa mji walilifanyia jambo hili mzaha, na polisi wakatungiwa jina la utani kwa ajili ya kengele za magari hayo. Nani ataogopa vita ya aiskrimu?

Kijana mmoja, Andrew Doyle, umri wake miaka 18, alikuwa dereva wa gari mojawapo, akakataa kuiacha njia yake. Mwezi wa Februari 1984 kioo cha mbele cha gari lake kilipigwa risasi. Hakuacha. Usiku wa manane wa tarehe 16 Aprili 1984 mtu alitia moto mlangoni pa nyumba ya wazazi wake, ghorofani, katika mtaa wa Ruchazie, watu wakiwa wamelala. Walikufa sita wa nyumba moja: baba, wanawe watatu akiwamo Andrew mwenyewe, binti yake, na mtoto wa binti huyo, wa miezi 18. Mtoto huyo hakuwa na njia wala gari.

Mahakamani ilisemwa kwamba moto ule ulikusudiwa kutisha tu, ukapita kiasi. Nitarudi kwenye maneno hayo, maana yana habari yake. Lakini kwanza kila mmoja wetu na aketi nayo kidogo: kutisha tu. Awashaye moto ana uwezo juu ya kiberiti. Hana uwezo juu ya upepo, wala juu ya nani amelala ndani, wala juu ya mtungi wa gesi ulio nyuma ya ukuta. Vibanda vyetu vya mbao vimeegemeana bega kwa bega. Anayechoma cha tatu amechoma na cha nne na cha tano, na wakati wa pepo za kiangazi pengine na chake. Katika Kutoka 22:6 Torati yasema juu ya mtu ambaye moto umemtoka tu, ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya mwenziwe: hata huyo imempasa kulipa. Na huyo hakukusudia.

Tena kuna jambo ambalo wachomaji hawalihesabu. Wengi wetu twafanya biashara kwa mikopo ya vikundi, na wanakikundi wadhaminiana. Kibanda kikiungua, deni haliungui. Vibanda vingi havina bima. Mama aliyechomewa hawezi kulipa, basi wadhamini wanalipa, na mara nyingi wadhamini hao ni majirani wa soko lile lile. Kwa hiyo mtu aweza kumchomea mwenzake Jumatatu, na Ijumaa akaambiwa kikundini atoe fedha ya kufidia hasara aliyoifanya mwenyewe, huku ametulia kama hajui kitu.

Sheria ya nchi nayo haina mzaha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 319, yasema anayechoma jengo kwa makusudi na kinyume cha sheria aweza kufungwa maisha. Hailazimu mtu awe amekufa. Kibanda cha mbao ni jengo.

Turudi Glasgow. Mji uliokuwa ukicheka ukakasirika, na hasira ikataka mtu. Mwaka ule ule wa 1984 wanaume wawili walihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya watu wale sita. Wakasema hawahusiki. Mmoja alitoroka, na mwaka 1993 akaenda London akajibandika kwa gundi kwenye lango la jumba la malkia, apate kusikilizwa. Shahidi mkubwa wa kesi alikuja kusema kwamba alidanganya. Ama yale maneno ya "kutisha tu", polisi wanne walikuwa wameyaandika kama ya mmoja wa washtakiwa, wote karibu neno kwa neno. Na wataalamu wa kumbukumbu walionyesha kwamba ni vigumu mno watu wanne kukumbuka sentensi moja namna hiyo. Mwaka 2004, miaka 20 baada ya moto, mahakama ya rufani ilifuta hukumu zote mbili. Hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mama wa nyumba ile alipoteza mume na watoto, na hakupata kumjua kwa hakika aliyewasha.

Kwa nini nimeliandika hili kwa urefu? Kwa sababu kwetu sisi moto ukizimwa saa kumi za usiku, saa moja asubuhi mwuaji amekwisha kutajwa. "Si walikuwa wakigombana?" Hiyo ndiyo ushahidi wote. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni waya wa umeme uliofungwa vibaya, au jiko la mkaa lililosahauliwa, au mshumaa. Sungusungu wa Usukuma walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu nzuri, ng'ombe walikuwa wakiibwa na watu kuuawa, nasi twawashukuru kwa usiku mwingi tuliolala salama. Lakini kundi lenye hasira si baraza. Mkristo asimamaye kando ya majivu na kutaja jina asilolijua amevunja Amri ya Tisa, na akirusha jiwe la kwanza amevunja na ya Sita. Mithali 26:20 yasema juu ya moto unaokosa kuni, na juu ya mahali asipo mchongezi. Mithali hiyo yafaa ihubiriwe sokoni.

Basi yatupasa kufanyaje na ushindani wenyewe? Wengine hujibu upesi: fanyeni kama Isaka. Tumsome basi. Isaka alipanda akavuna mara mia, Wafilisti wakamhusudu, wakavijaza udongo visima vya baba yake. Hebu fikirini: katika nchi kavu, watu wanafukia maji ambayo wao wenyewe wangaliweza kunywa. Husuda haitaki maji, yataka jirani asiwe nayo. Isaka akahama. Akachimba kisima, wakagombana, akakiita Eseki. Akachimba kingine, wakagombana, akakiita Sitna. Akachimba cha tatu, hawakugombana, akakiita Rehobothi. Baadaye Abimeleki mwenyewe alimfuata kutaka amani, wakala pamoja, wakaapiana.

Ni habari nzuri sana, lakini naogopa tunavyoitumia. Isaka alikuwa tajiri mwenye watumishi wengi. Abimeleki alimwambia wazi kwamba ana nguvu kuliko wao. Aliweza kuhama mara tatu. Mjane mwenye meza moja ya nyanya hana kisima cha tatu. Tukimwambia yeye ahame kwa ajili ya amani, tumempa yule mgomvi alichokitaka, tena kwa jina la Bwana. Neno la Isaka ni la mwenye nafasi: mwenye maduka mawili, mwenye mtaji, mwenye uwezo wa kuuza bidhaa nyingine. Huyo ndiye apaswaye kusogea kwanza.

Kwa mnyonge liko neno la Efeso. Demetrio mfua fedha aliona biashara yake ya vihekalu vya fedha imo hatarini kwa sababu ya mahubiri ya Paulo. Aliwaambia mafundi wenzake habari ya mapato kwanza, halafu akaongeza habari ya mungu wao Artemi. Wivu wa biashara hupenda kuvaa nguo ya dini, au ya ukoo, au ya uganga. Mji ukajaa ghasia, na Luka aandika kwamba wengi hawakujua wamekusanyikia nini. Aliyewaokoa hakuwa mtume. Alikuwa karani wa mji, mpagani, aliyesema jambo la kawaida kabisa: kama Demetrio ana neno juu ya mtu, baraza zipo, na waamuzi wapo. Kwetu ni mwenyekiti wa mtaa, uongozi wa soko, baraza la kata, mahakama ya mwanzo. Si ukosefu wa imani kwenda huko mchana kweupe.

Wazee wa Usukuma nao walijua kushindana. Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, kila upande na mbinu zake za kuvuta watazamaji, na anayepata watu wengi ndiye mshindi. Dawa ziliingia humo pia, hatuwezi kuzisifu. Lakini kanuni yenyewe ni njema: vuta watu kwa uchezaji wako. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipoona wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi, walianza kupima pamba yao wenyewe kabla ya kuipeleka kuuzwa. Kutokana na kazi hiyo, pamoja na uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1955 likatokea shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Walikuwa na sababu ya hasira kuliko mwenye kibanda yeyote wa leo, nao wakaleta mizani.

Kwa kikundi, zungumzeni haya bila kutaja jina la mtu. Katika ule mwendo wa akina mama wawili wa stendi, ni hatua ipi ambayo mzee wa kanisa au Umoja wa Akina Mama wangaliweza kuingia, na nani hasa angetumwa? Mathayo 18:15 yataka uende peke yako kwanza. Je, twaenda, au twaanzia kwa wateja? Kama wagomvi wote wawili ni washiriki wa meza moja ya Bwana, kasisi afanye nini Jumapili ile? Na petroli ya chupa, inayouzwa hatua kumi kutoka majiko ya mkaa, nani katika mtaa wenu atakwenda kuzungumza na mwuzaji, na lini?